Supachaja na joto la hewa: nunua kipi kwanza, kipi baadaye

Gari lenye supachaja, yaani mashine inayoshindilia hewa ndani ya injini, asubuhi huwa tamu. Ukikanyaga mara ya kwanza linaruka. Adhuhuri, foleni ikishakukalisha nusu saa, unakanyaga vilevile na unahisi kabisa kwamba nguvu imepungua. Mara nyingi hakuna kilichovunjika. Hewa inayoingia kwenye silinda imepanda joto, na kompyuta ya gari imechelewesha cheche ili injini isigonge, yaani mafuta yasiwake ovyo ndani ya silinda. Hapo ndipo watu wanapoanza kununua vitu, na wengi wanaanza na vile vinavyong'aa.

Nazungumzia magari ambayo supachaja imekaa juu ya injini, katikati ya safu mbili za silinda zenye umbo la V, na intakula yake (kipozeo cha hewa iliyoshindiliwa) inapozwa kwa maji: Dodge Challenger na Charger za Hellcat, Cadillac CTS-V za kuanzia 2009, Mercedes E55 AMG Kompressor, na Jaguar na Range Rover za V8 ya lita 5.0. Range Rover hizo Nairobi na Dar es Salaam si ngeni. Hellcat utaziona zaidi Dubai na Muscat, ambako kiangazi nyuzi 45 ni jambo la kawaida na tatizo lenyewe linaonekana waziwazi.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayopanga orodha yote. Siku ya nyuzi 35, supachaja ikishindilia hewa kwa paundi 10 juu ya kawaida, yaani karibu bar 0.7, hewa inatoka ikiwa na nyuzi kati ya 105 na 120, kutegemea ubora wa supachaja yenyewe. Injini ya nguvu farasi 700 inameza takriban nusu kilo ya hewa kila sekunde. Kuishusha hewa hiyo kutoka nyuzi 120 hadi 50 maana yake ni kuondoa joto la kilowati 35, sawa na birika za umeme 17 zinazochemka kwa pamoja. Joto hilo linapita kwenye intakula, linaingia kwenye maji, maji yanasukumwa na pampu ndogo ya umeme hadi kwenye rejeta ya mbele, na hapo upepo unalichukua. Mnyororo ni huo tu. Faida yake nayo inahesabika: kila nyuzi 3 unazopunguza kwenye hewa hiyo, silinda inapata kama asilimia 1 ya hewa zaidi, na juu ya hapo kompyuta inarudisha cheche mahali pake. Hilo la pili ndilo unalolihisi mguuni.

Kwa hiyo kila kifaa nimekiuliza swali moja: kinalitoa joto nje ya gari, au kinalisogeza pembeni tu?

Kabla ya pesa nyingine yoyote, nunua kisomaji cha OBD cha Bluetooth, kile kinachosoma namba za kompyuta ya gari kupitia simu. Ni cha bei ndogo na kitakuzuia kununua usichohitaji. Angalizo: magari mengi ya aina hii yana sensa mbili za joto la hewa, moja kabla ya supachaja na nyingine ndani ya manifoldi (mabomba yanayogawa hewa kwa silinda), baada ya intakula. Programu za bure mara nyingi zinaonyesha ile ya kwanza, halafu mtu anafurahi bure. Tafuta ya manifoldi. Endesha kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa bila kukanyaga sana. Mfumo usio na kasoro hukaa nyuzi 10 hadi 20 hivi juu ya joto la nje. Kanyaga kwa nguvu, kisha achia na uangalie namba inavyorudi. Ikigoma kushuka wakati gari linakwenda na upepo upo, shaka iwe kwenye pampu au hewa iliyonaswa kwenye mabomba. Ikipanda kwenye foleni na kushuka mara tu unapoondoka, pampu ni nzima na rejeta ndiyo inayokosa upepo.

Nafasi ya kwanza: pampu na maji yake

Pampu ndiyo sehemu ndogo kuliko zote kwenye mnyororo na ndiyo inayokufa kimyakimya. Gari halikuwashii taa nyekundu wala halikuzimikii barabarani, linakuwa zito tu. Wenye E55 wanalijua hili vizuri: kwao pampu ya Bosch ni ugonjwa wa zamani, na tiba iliyozoeleka ni kuweka toleo ambalo namba yake ya spea inaishia na 010 badala ya 002, kwa sababu linasukuma maji mengi zaidi. Wanaotaka zaidi ya hapo huenda kwenye pampu za Pierburg au Johnson. Bei ni kati ya dola mia moja na kitu na mia tatu. Nunua kwa muuzaji unayeweza kumrudia, kwani pampu za Bosch feki ni nyingi, na feki inafanya kazi vizuri kabisa kwa miezi michache.

Kujua kama yako iko hai si kazi ngumu. Kama mfumo wa intakula una kitungi chake, fungua mfuniko injini ikiwa baridi, washa, chungulia: maji yakicheza, pampu inazunguka. Kwenye baadhi ya magari pampu haiwaki mpaka joto lifike kiwango fulani, kwa hiyo usiihukumu kabla ya kumwachia fundi aiwashe kwa kompyuta. Sikiliza pia. Pampu iliyonasa hewa ina mlio mkali, mkavu. Hewa ikishatoka mlio unashuka, unabaki mvumo mdogo ambao mpaka uweke kiganja kwenye pampu ndipo uusikie. Kutoa hewa kwa kumimina maji na kufunga mfuniko hakutoshi kwenye mifumo hii. Mtake fundi atumie kifaa cha vakyumu kinachofyonza hewa kwanza, kisha kinajaza.

Maji yenyewe nayo yana la kusema. Maji hubeba joto vizuri kuliko mchanganyiko wa nusu kwa nusu wa maji na kulanti (dawa ya rejeta), na Dar wala Muscat hakuna barafu ya kuogopa. Kama mfumo wa intakula umetengwa kabisa na maji ya injini, maji yaliyotoneshwa (distilled) robo tatu na kulanti robo, au dawa ya kuzuia kutu inayokubaliwa na alumini, ni chaguo zuri. Usitie maji ya bomba, na ya kisima ndiyo kabisa. Visima vingi vya Dar vina chumvi, na chumvi hutoboa alumini. Intakula ikitoboka, maji yanaishia ndani ya silinda.

Nafasi ya pili: rejeta kubwa ya mbele

Hiki ndicho kifaa pekee kwenye mnyororo kinacholitupa joto nje, na ndicho ningenunua baada ya pampu bila kufikiri mara mbili. Rejeta nyingi za kiwandani zilipimwa kwa mtu anayekanyaga mara mojamoja na kuendelea na safari yake. Kwa Hellcat na CTS-V utapata za ukubwa wa mara mbili kwa mamia kadhaa ya dola hadi elfu moja na kidogo. Range Rover zina chaguo chache na bei inapaa.

Usinunue kwa unene. Rejeta nene mno inaziba upepo wa kondensa ya kiyoyozi na rejeta ya injini zilizo nyuma yake, na hapo umehamisha tatizo tu. Bora pana na ndefu, yenye unene wa wastani, inayotumia nafasi yote iliyo nyuma ya bampa. Ziba mianya ya pembeni kwa sponji ngumu, maana upepo hupita penye wepesi, na wepesi ni kuizunguka rejeta. Kama maisha yako ni foleni za Barabara ya Mombasa au Ubungo, chagua yenye feni zake. Weka wavu mbele: kokoto moja ya barabara inayotengenezwa inatosha kuharibu kazi yote. Walio Nairobi waongeze kitu kingine kwenye hesabu. Kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700 hewa ni nyepesi, hivyo upepo uleule unabeba joto pungufu kuliko pwani.

Wengine huuza kitungi kikubwa cha maji kama mbadala wa rejeta. Kitungi kinachelewesha maji kupata joto, na vilevile kinayachelewesha kupoa. Kina maana ukiwa na rejeta kubwa tayari.

Nafasi ya tatu: kupuliza maji na methanoli

Teknolojia hii ina umri mkubwa. Wajerumani waliitumia kwenye ndege za vita vya pili vya dunia kwa jina la MW 50, nusu methanoli. Ukungu unapulizwa kwenye hewa, unageuka mvuke, na kugeuka huko kunameza joto: kilo moja ya maji inameza kama kilojuli 2,260, methanoli karibu nusu ya hapo. Methanoli nayo inaongeza okteni, yaani uwezo wa mafuta kustahimili bila kugonga, jambo la thamani pale petroli ya kuaminika inapokuwa adimu. Kwa bei ya dola 400 hadi 900, hakuna kinachoshusha joto haraka zaidi.

Mbona basi iko ya tatu? Kwa sababu tangi likiisha, kinga imeisha, na kama gari limepangiwa cheche za methanoli, injini itagonga palepale. Nunua kifaa chenye sensa ya mtiririko inayoiambia kompyuta ipunguze nguvu nozeli ikiziba. Kisicho na sensa hiyo kiache dukani. Na tafadhali, methanoli ni ile sumu iliyoua watu wengi Kenya mwaka 2014 ilipotiwa kwenye pombe haramu. Inapofusha, inapenya ngozi, na ikiwaka mwale wake mchana hauonekani. Kaa nayo mbali na watoto, usiihamishie kwenye chupa za maji ya kunywa. Anayeona hatari hiyo ni kubwa mno nyumbani kwake apulize maji matupu. Faida inabaki nzuri tu.

Nafasi ya nne: chila inayotumia gesi ya kiyoyozi

Dodge Challenger SRT Demon ya 2018, yenye nguvu farasi 840 kwa mafuta ya mashindano, ilitoka kiwandani na kitu hiki: gesi ya kiyoyozi inaelekezwa kwenye maji ya intakula badala ya kwenye kabini. Sasa kuna vifaa vya kufunga kwenye magari mengine, na hewa inaweza kushuka hata chini ya joto la nje, jambo ambalo rejeta haiwezi kamwe. Kwa mbio za robo maili, au mwenye gari Muscat anayetaka liwe lilelile Julai na Januari, inafaa. Kwa kukanyaga mfululizo haifai, kwani kilowati 35 ni nyingi kuliko uwezo wa kiyoyozi cha gari. Bei ni zaidi ya dola elfu moja bila ufundi, na inataka fundi wa AC anayejua kazi yake.

Vinavyofuata

Mfereji wa hewa baridi una thamani kama kweli unavuta hewa ya nje, mfano ule wa Hellcat unaopitia kwenye taa ya mbele. Chujio la wazi lililokaa chini ya boneti linavuta hewa ya moto ya injini. Kelele tamu, matokeo mabaya.

Tangi la barafu ni la uwanja wa mbio tu. Kilo 10 za barafu zikiyeyuka zinameza kilojuli 3,340, ambazo kwa injini yetu ya kilowati 35 ni kama sekunde 95. Robo maili haifiki robo ya muda huo, kwa hiyo pale linashinda kila kitu. Barabarani ni mzigo.

Gasketi za kuzuia joto na foili za dhahabu ziko mwisho. Zinapunguza joto linalopanda kutoka kwenye injini gari likiwa limesimama, basi. Joto la kushindilia hewa haziligusi.

Puli ndogo ya supachaja isikuingie kichwani kabla ya mambo haya. Inazungusha supachaja haraka zaidi, shinikizo linaongezeka, na joto linaongezeka nalo. Kwenye mfumo uliokwisha kuelemewa unalipia nguvu utakayoipata asubuhi tu.

Na lipo lile utakaloambiwa gereji: "Bosi, tutoe themostati, itapoa yenyewe." Kataa kwa heshima. Themostati inaongoza maji ya injini, na kwenye magari mengi ya aina hii maji ya intakula yana mzunguko wake mwingine. Ukiitoa, injini inachelewa kufikia joto lake la kazi, kompyuta inaongeza petroli ikidhani ni baridi, vyuma vinalika, na hewa kwenye manifoldi inabaki na nyuzi zilezile.