Kiko kidogo cha bei nafuu: kipi ununue ukiwa Mombasa

Kahawa tungu ikishamiminwa barazani kwetu, mazungumzo hayavuki dakika ishirini. Mmoja ataitwa ndani, mwingine atakumbuka safari ya Likoni, na baraza imevunjika. Kiko cha kawaida chataka dakika arobaini na tano, pengine saa nzima. Ukikizima katikati, tumbaku iliyobaki hulala na unyevu wake, na kesho ukiiwasha inachoma ulimi na kunuka jivu. Niliteseka hivyo kwa muda mrefu kabla ya kuelewa kwamba tatizo halikuwa tumbaku wala mimi. Bori ilikuwa kubwa mno.

Niyaeleze majina kwanza, kwa kuwa ni mazuri na yanapotea. Bori ni pale tumbaku inapotiwa. Shilamu ni mrija unaoingia mdomoni. Viko vya maji vya wazee wa Pwani vilikuwa pia na digali, ule mti unaoshuka kutoka kwenye bori hadi majini, na sauti ya maji yakitokota iliitwa malio ya kiko. Hivi ninavyovizungumzia hapa ni vikavu, havina maji. Bori na shilamu zinatutosha.

Na jambo jingine kabla ya bei. Kiko hakimwepushi mtu na madhara ya tumbaku. Hata moshi usipoushusha mapafuni, saratani ya mdomo, ya ulimi na ya koo inakuhusu. Kama huvuti, usianze. Nawaandikia wanaovuta tayari. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18 na kuvuta mahali pa umma, kwa hivyo ndani ya matatu na kwenye feri usikitoe mfukoni. Tangu shisha ipigwe marufuku Desemba 2017, vijana wameniuliza mara kadhaa kama kiko kinaweza kushika nafasi yake. Huwajibu kwamba hapana, na huwaomba waachane na vyote viwili.

Sasa kipimo. Kwa uvutaji wa dakika kumi na tano hadi ishirini na tano, tafuta bori yenye upana wa ndani wa milimita 16 hadi 18 na kina cha milimita 25 hadi 30. Dukani huna rula, basi tumia kidole cha mwisho: kiingie kwa kubana kidogo hadi kwenye kiungo cha kwanza, kisizidi sana hapo. Kisha chungulia ndani. Tundu la moshi litokee chini kabisa ya bori. Likitokea juu, tumbaku ya chini haitaungua na utakuwa unavuta maji machungu. Mwisho, kiweke mdomoni kikiwa kitupu, uvute hewa. Kikipiga mluzi au ukahisi unanyonya maji ya dafu kwa mrija uliobanwa, kirudishe.

Kuta za bori nazo ziangalie. Kiko kidogo chenye kuta nyembamba huunguza vidole kabla hujafika nusu, na hapa kwetu, mwezi wa Februari kaskazi ikivuma, mkono wenyewe tayari una jasho.

Cha kwanza: kiko cha gunzi

Ndiyo, gunzi la mahindi. Ningekuwa na pesa za kununua kimoja tu, ningenunua hiki, na nimewashawishi watu wengi hadi nikawachosha. Gunzi ni jepesi kiasi kwamba unaweza kukishika kwa meno huku mikono inamimina kahawa. Halina ladha kali ya kuingilia tumbaku. Hunyonya unyevu, nao unyevu ndio adui wa mvuta kiko wa Mombasa. Tena halihitaji kuzoeshwa. Viko vya mbao huwa na ladha mbaya mara za mwanzo mpaka bori ijijengee ngozi nyembamba ya masizi, lakini gunzi linakuwa tamu tangu siku ya kwanza.

Kampuni inayojulikana zaidi ni Missouri Meerschaum, ya mji wa Washington katika jimbo la Missouri, Marekani. Kazi hiyo ilianza 1869 kwa mchonga mbao mhamiaji kutoka Uholanzi, Henry Tibbe, ambaye 1878 alipata hataza ya kuziba mashimo ya nje ya gunzi kwa plasta. Magunzi yao si ya mahindi ya kuchoma tunayokula sisi. Hutoka kwenye mbegu iliyozalishwa makusudi ili gunzi liwe nene na gumu, kisha huachwa yakauke kwa muda mrefu kabla ya kuchongwa. Nalisema hili kwa sababu jirani yangu alijaribu kuchonga la kwake kutoka gunzi la sokoni, likatoboka siku hiyo hiyo.

Kwa uvutaji mfupi chukua aina yao iitwayo Morgan. Ile iitwayo Mini ni ndogo zaidi, ya dakika kumi hivi, na wengine watahisi wamepunjwa. Bei yake ni miongoni mwa bei za chini kabisa za kiko cha kweli popote duniani. Ugumu ni kukifikisha hapa, kwani nauli ya posta na ushuru vinaweza kuzidi bei ya kiko chenyewe. Ndiyo maana nasema ukiagiza, agiza vitatu kwa pamoja, au umtume ndugu anayerudi kutoka ng'ambo. Vitatu si anasa. Gunzi lililovutwa leo lataka kulala siku nzima likauke, na msimu wa kusi, mvua zinaponyesha mfululizo, mimi huliacha siku mbili.

Kasoro zake ni hizi: shilamu zake za kawaida ni za plastiki laini, meno huzitoboa. Na katika viko vingi vya aina hii, kipande cha mbao kinachoshika shilamu huchomoza ndani ya bori. Ukivuta hadi punje ya mwisho, mbao hiyo huungua na kutoa ladha chungu. Acha tumbaku kidogo chini, uimwage na jivu. Kitadumu miaka.

Cha pili: Falcon

Hiki ni cha chuma. Kilibuniwa Marekani 1936 na Kenly Bugg. Shina ni la alumini, na bori ya mbao hufungwa juu yake kwa kuzungushwa kama kifuniko cha chupa. Chini ya bori kuna kisahani ambamo unyevu wote hukusanyika. Ukimaliza, ngoja kipoe, fungua, pangusa kwa karatasi laini, funga. Kwa mji wenye hewa nzito kama wetu, ubunifu huu ni neema. Waweza pia kuwa na shina moja na bori kadhaa, ukabadilisha tu iliyolowa. Chagua bori fupi, maana zipo za urefu mbalimbali.

Nimekiweka cha pili kwa sababu kinagharimu zaidi ya gunzi, na kwa sababu alumini na chumvi ya bahari hazipatani. Ukikaa karibu na maji, kipanguse nje vilevile, la sivyo kitaota madoa meupe.

Cha tatu: mbao ya kweli, iliyotumika

Viko vinavyosifiwa zaidi hutengenezwa kwa kivimbe cha shinani cha mti uitwao Erica arborea, unaoota pande za bahari ya Mediterania. Kivimbe hicho huchemshwa na kukaushwa kwa muda mrefu, kikawa kinastahimili moto kuliko mbao nyingine. Kipya kizuri si cha bei nafuu. Kipya cha bei nafuu mara nyingi kina vishimo vilivyozibwa kwa lipu na kupakwa rangi nzito ili usivione. Kwa hiyo nashauri kilichotumika: bori ndogo, isiyo na ufa, shilamu isiyochezacheza. Kikwangue ndani taratibu, kisafishe kwa spirti, kiache siku kadhaa.

Mbao ya mpeasi, wanayoitumia sana mafundi wa Przemyśl huko Poland, ni nafuu zaidi na bado ni nzuri. Huungua upesi kuliko ile ya kwanza. Vuta polepole.

Ukibahatika

Kwenye maduka ya vitu vya kale huenda ukakutana na kiko chenye bori nyeupe ndani, mara nyingine kimevikwa ngozi, chenye chapa ya Kiko. Hicho kilitengenezwa Arusha. Jiwe lake ni sepioliti, ambalo Wajerumani waliliita povu la bahari kwa wepesi wake, nalo lilichimbwa Sinya, upande wa Tanzania karibu na Amboseli. Nachukia kwamba watu wetu wanavipita wakidhani ni pambo. Jiwe hilo hunyonya unyevu vizuri na halihitaji kuzoeshwa. Angalia ufa tu, na usikiangushe, kwani hupasuka kama kikombe.

Nisivyovishauri

Kiko cha udongo ni rahisi na ladha yake ni safi kabisa, lakini bori hupata moto hadi huwezi kuigusa. Kishike kwenye mrija. Cha jiwe la Kisii ni kizito, chavuta meno chini. Vile vya kuchongwa wanavyouziwa watalii vina kazi nzuri ya mkono, ila vingi vimetobolewa kwa kupendeza macho, tundu limepita juu, na ndani mna vanishi. Ukitaka fundi wa Changamwe akuchongee cha kuvutia tumbaku, si pambo, mwambie mapema: mpingo uliokauka sawasawa, ndani kusipakwe kitu chochote.

Na vile vyeusi vinavyong'aa, visivyo na jina la mtengenezaji wala la mbao. Nilikinunua kimoja mjini. Nilipokiwasha mara ya kwanza rangi ilitoa mapovu kama mandazi kwenye mafuta, na harufu yake ilikaa kooni mpaka asubuhi. Hata kama ni cha bei ya vikombe kumi vya kahawa, kiache hapo hapo.

Pesa itakayobaki nunua chupa ya kioo yenye kifuniko cha kubana. Hapa kwetu tumbaku ikiachwa wazi huota ukungu. Na zile waya laini za kusafishia shilamu ukizikosa, tumia unyoya wa kuku ulioshwa na kukaushwa, kama walivyofanya watu wa zamani: uingize kwa upande wa kikonyo, uuvute kutokea upande wa pili, mara mbili, kiko kikiwa bado na uvuguvugu.