Tarakimu nne, rezista nne: nimeijaribu kwenye mashine ya vifaranga
Mambo vipi wadau, karibuni. Leo niko Pasua, hapa Moshi, na mezani nina hii displei nyekundu ya tarakimu nne, zile ambazo kila tarakimu ina vipande saba vya taa na nukta. Ina pini 12: nane za vipande, nne za tarakimu. Itakaa kwenye mashine ya kutotolesha vifaranga. Mama mwenye mashine anataka aone joto, nyuzi 37.5, akiwa mlangoni, basi.

Wengi mnaweka rezista nane, vile vijidude vya kupunguza umeme, moja kila kipande. Sawa, ila bredibodi, ubao wa kuunganishia bila kulehemu, inajaa kama daladala ya jioni. Mvivu kama mimi anaweka nne tu, kwenye pini za tarakimu. Haya, tazameni: 1 inawaka kama kurunzi, 8 imefifia. Moja ina vipande viwili, nane ina saba, na vyote vinagombania umeme wa rezista moja.

Dawa iko kwenye programu. Usiwashe tarakimu kwa zamu, washa vipande kwa zamu. Kipande cha juu kwanza, kwenye kila tarakimu inayokihitaji, kisha kinachofuata, mpaka nukta. Sasa rezista inalisha kipande kimoja tu kwa wakati. Mnaona? 1 na 8 zimelingana!

Hapa tulieni kidogo. Pini ya kipande sasa inabeba hadi tarakimu nne kwa mpigo. Kwa volti 5 na omu 330, kila kipande kinavuta kama miliampia 9. Mara nne, 36. Pini ya ATmega328P, chipu inayoendesha displei hii, mwisho wake kabisa ni 40, na mimi sipendi kuvuka 20. Nimeweka omu 680: 4.4 mara nne, haifiki 18. Transista, yaani swichi ya kuisaidia pini kubeba umeme mwingi, hata moja sijatumia.

Kila kipande nimekipa milisekunde 1, mzunguko mzima 8. Hiyo michirizi ni kamera yangu, kwa macho haionekani. Na zima vyote kabla ya kuhamia kipande kingine, la sivyo namba zinaacha vivuli.

Kasoro yake mwanga. Kila kipande kinawaka moja ya nane ya muda, kwa hiyo bandani safi, lakini nimeitoa nje saa saba mchana, sikusoma kitu. Ya juani ningechukua moduli ya MAX7219, chipu maalumu ya kuendesha displei: tarakimu nane, rezista moja ya kupanga mwanga, na zamu zote inazisimamia yenyewe.

Kwa mama huyu hii inatosha. Nyaya nalehemu jioni, mayai yanaingia kesho.