Dawa ya buluu ya kupimia gasketi: inajua gesi, haijui oili

Kichupa cha dawa ya buluu, mrija wa plastiki wenye koni ya mpira chini na kibofu cha kufinya juu. Seti hii inauzwa na maduka mengi ya vifaa vya gereji, kuanzia ya Lisle ya Marekani hadi zile zisizo na jina kutoka China. Muuzaji atakwambia inapima gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini, na hapo amesema nusu tu ya ukweli. Kinachopimwa ni gesi ya mwako iliyopenya kwenye maji ya rejeta. Kama dipstiki ya gari lako imetoka na oili ya rangi ya chai ya maziwa, dalili ya maji kwenye oili, nusu iliyobaki ndiyo inayokuhusu.

Tuanze na uzuri wake. Dawa yenyewe ni bromothimoli ya buluu, rangi inayogeuka ikikutana na asidi. Kabonidayoksaidi ikiyeyuka ndani yake hutengeneza asidi hafifu, na buluu inapita kijani hadi njano. Kwa hiyo ni rahisi kuijaribu kabla hujaitegemea: mimina kidogo kwenye glasi na uipulizie pumzi kwa mrija wa soda. Pumzi ya mtu ina kabonidayoksaidi karibu asilimia 4, inatosha kuigeuza. Isipogeuka, ni maji ya rangi tu hayo, mrudishie mwenye duka. Jaribio hili ni la lazima kwa vichupa visivyo na mhuri.

Kutumia si kazi, ila kuna pa kuharibia. Mfuniko wa rejeta unafunguliwa injini ikiwa baridi. Punguza maji yashuke kama sentimita 5 chini ya mdomo, washa gari, subiri bomba la juu lipate moto, yaani thamostati, vali inayoruhusu maji ya moto kwenda kwenye rejeta, imefunguka. Jaza dawa hadi mstari, kandamiza koni mdomoni, kisha finya na kuachia kibofu taratibu kwa dakika mbili hivi. Inayotakiwa kupita kwenye dawa ni hewa iliyo juu ya maji. Maji yenyewe yakipanda yakaingia kwenye dawa, majibu hayana maana tena: mwaga, suuza mrija, anza upya. Ndiyo maana seti ya vyumba viwili ni bora kuliko ya chumba kimoja, chumba cha chini kinanasa matone kabla hayajafika juu. Na pimia nje. Ndani ya gereji iliyojaa moshi wa ekzosi, hata injini nzima itapewa njano.

Gari la petroli lenye tobo kati ya silinda na njia ya maji halijifichi, kwa sababu gesi yake ina kabonidayoksaidi asilimia 13 hadi 15. Dizeli ni habari nyingine. Ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta, inavuta hewa nyingi kuliko mafuta, na kabonidayoksaidi hushuka hadi asilimia 2 au 3 tu. Dawa huishia kijani, tena kwa kuchelewa. Kwa 1KZ-TE, injini ya dizeli ya Toyota inayojulikana kwa hedi kupasuka, pandisha mizunguko hadi 2000 kwa dakika na uendelee kufinya. Kijani kwenye dizeli usikipuuze.

Sasa ile nusu nyingine. Maji yana njia kadhaa za kufika kwenye sampu, lile karai la oili chini ya injini, na si zote zinapita kwenye silinda. Gasketi inaweza kuungua kati ya njia ya oili na njia ya maji. Kipoza oili, kile kinachopitisha maji na oili bega kwa bega kwenye injini nyingi za dizeli, kinaweza kutoboka kwa kutu. Kava ya mbele ya baadhi ya injini inapitisha maji pia, na gasketi yake huchoka. Katika hali zote hizo hakuna gesi ya mwako inayogusa maji. Dawa itabaki buluu safi huku sampu ikijaa, na mtu ataambiwa hedi yake ni nzima, abadilishe oili aendelee na safari. Beringi za krankishafti ndizo zitakazolipa, kwa sababu oili iliyochanganyika na maji haishikilii uzito wa shafti.

Kuna jambo hapa linawachanganya hata mafundi. Injini ikiwa inazunguka barabarani, presha ya oili ni kama baa 3 au 4, ya maji haizidi sana baa 1. Kipoza kilichotoboka kitasukuma oili kwenda kwenye maji, na utaona utando mweusi kwenye rejeta. Ukizima, presha ya oili inaanguka hadi sifuri papo hapo, ya maji inabaki juu mpaka injini ipoe. Hapo maji ndiyo yanayoingia kwenye oili. Basi gari linachanganya likiwa limeegeshwa! (Utando ukiwa mwekundu au wa waridi na giaboksi ni ya otomatiki, tazama kwanza kipoza cha giaboksi kilicho ndani ya rejeta. Injini huenda haina kosa.)

Kwa ugonjwa huo chombo ni kingine: pampu ya mkono ya kupimia rejeta, yenye geji. Kama una fedha ya kimoja tu na tatizo ni maji kwenye oili, nunua hii, dawa ya buluu isubiri. Soma namba kwenye mfuniko wa rejeta, kwa Toyota nyingi ni 0.9 au 1.1, na usipite hapo, la sivyo utapasua rejeta uliyokuja kuiokoa. Jaza maji, pampu, angalia sindano kwa dakika 15. Ikishuka na chini hakuna tone, maji yanakwenda ndani. Toa plagi, zungusha injini kwa starta: maji yakiruka kwenye tundu moja, umeipata silinda yenyewe. Plagi zikiwa kavu, acha presha usiku kucha, asubuhi legeza nati ya sampu nusu mzunguko bila kuifungua yote. Maji ni mazito kuliko oili, hivyo yanatangulia kutoka. Udhaifu wa pampu ni adapta zake. Za shingo za Kijapani zinakaa vizuri, lakini matangi ya Ulaya yenye nyuzi yanadai adapta yake kamili, na seti za bei rahisi huvujia kwenye oringi, ukadhani ni gari.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha kweli ni maji. Weka bati safi kwenye jiko, lipate joto la nyuzi 160 hivi, udondoshee tone moja la oili kutoka kwenye dipstiki, macho yakiwa mbali. Oili kavu hutanda kimya ikitoa moshi kidogo. Vipovu vidogo vinavyopotea haraka ni maji ya asilimia 0.1 au pungufu. Vipovu vikubwa na mlio wa kuchatachata vinaanzia asilimia 0.2 kwenda juu, na hiyo si ya kupuuza. Ute wa krimu chini ya mfuniko wa oili peke yake, dipstiki ikiwa safi na rejeta haipungui, mara nyingi ni mvuke wa safari fupi kwenye baridi. Magari ya Njombe na Limuru yanaujua. Liendeshe kwa mwendo wa nusu saa injini ikiwa moto, uangalie tena.

Pampu ina kazi moja zaidi ambayo dawa haiwezi. Hedi ikisharudishwa, jaza maji kwanza, oili bado. Nati ya sampu ikiwa nje na karai chini, pampu hadi namba ya mfuniko, liache gari mpaka asubuhi. Karai likiwa kavu na sindano haijasogea, ndipo ufunge nati na kumimina oili mpya. Badilisha oili hiyo na filta baada ya kilomita chache, maana mabaki ya krimu hujificha kwenye njia za hedi.