Frankenstein: nunua toleo la 1818 au la 1831?

Kabla ya kulipia riwaya hii ya Mary Shelley, angalia umeshika toleo lipi. La kwanza lilitoka 1818 bila jina la mwandishi, katika juzuu tatu zenye sura 23, kila juzuu ikianza hesabu upya. La 1831, ambalo mwandishi alilirekebisha mwenyewe, ni kitabu kimoja chenye sura 24 mfululizo. Ndiyo maana wanafunzi hupishana darasani: kiumbe aliyeundwa na Victor Frankenstein, mhusika mkuu, anafumbua jicho lake la manjano katika sura ya nne kwa mmoja, ya tano kwa mwenzake.

Kama jalada halisemi, tafuta Elizabeth, mchumba wa Victor, anapoingia. Akiwa binti wa shangazi yake Victor, hilo ni la 1818. Akiwa yatima aliyechukuliwa kutoka kwa familia maskini huko Italia, ni la 1831.

Mimi napendekeza la 1818. Humo Victor anaamua mwenyewe, kwa hiyo lawama inamkaa sawasawa; la 1831 linamsukumia majaliwa kila mara, na hatia yake inapungua makali. Hata hivyo, la pili lina utangulizi wa mwandishi kuhusu chanzo cha hadithi, nao ni mzuri kweli.

Epuka matoleo yaliyofupishwa. Mara nyingi hukata barua nne za mwanzoni za Walton, msafiri wa baharini anayesimuliwa kisa na Victor, ilhali yeye ndiye anayeandika yote tunayosoma. Simulizi ya kiumbe mwenyewe, sura ya 11 hadi 16 katika toleo la 1831, isome bila kukatiza.