Diski ya ndani au ya nje kwa maktaba za sampuli? Uzoefu wangu na HDD, SATA, NVMe na kesi za USB

Nimecheza maktaba za sampuli (mikusanyo ya noti za ala halisi zilizorekodiwa) zikiwa kwenye HDD ya nje (diski ya sahani inayozunguka), SSD (hifadhi ya chipu) ya SATA ndani ya kompyuta ya mezani, NVMe (SSD ya kasi zaidi) kwenye ubao mama, na NVMe ndani ya kesi ya USB-C, yaani kiboksi kinachoigeuza kuwa diski ya nje. Kwa wenye haraka: suala la ndani au nje lina uzito mdogo kuliko watu wanavyodhani. SSD ya nje iliyounganishwa sawasawa inabeba okestra nzima bila kukwaruza. Kinachowaangusha maprodyuza wengi ni kebo, tundu walilochomeka, fomati ya diski, na kung'ang'ania HDD.

Sampla, yaani programu inayocheza maktaba hizi, kama Kontakt, haipakii sampuli nzima kwenye RAM. Inapakia kipande cha mwanzo cha kila sampuli, kwa kawaida kB 60, na ukibonyeza noti inacheza kipande hicho huku ikikimbilia diski kuchukua kilichobaki. Sasa piga hesabu. Sauti moja ya stereo ya biti 24 kwa 44.1 kHz inakula baiti 264,600 kwa sekunde, yaani kama MB 0.26. Sauti 500 zikilia pamoja zinataka takriban MB 132 kwa sekunde. SSD ya SATA inatoa karibu MB 550. Kwa hiyo boksi likikuandikia MB 7,000 kwa sekunde, usibabaike: wakati wa kucheza hutaisikia tofauti. Utaiona kidogo unapofungua projekti kubwa, na hata hapo prosesa na programu yenyewe huchelewesha mambo kuliko diski.

Mbona basi HDD inashindwa, wakati nayo inasoma zaidi ya MB 100 kwa sekunde? Kwa sababu kasi hiyo ni ya faili moja refu lililopangika. Kichwa cha kusomea kinatumia milisekunde 12 hivi kuhama na kusubiri sahani izunguke mpaka kwenye faili jingine, hivyo hakivuki maombi mia kwa sekunde. Kord ya vidole kumi kwenye maktaba ya nyuzi yenye maikrofoni nne na tabaka mbili za nguvu tayari ni sampuli 80. Zidisha kwa milisekunde 12, unapata karibu sekunde nzima. Kipande cha kB 60 kilicho kwenye RAM, kama hakijabanwa, kinaisha ndani ya robo sekunde. Hapo ndipo noti zinapokatwa katikati, na hakuna mpangilio utakaokuokoa. SSD inajibu kila ombi kwa sehemu ndogo ya milisekunde moja, ya ndani au ya nje.

Ndiyo maana ukihamia SSD unapata faida ya pili ambayo wengi wanaiacha mezani. Kwenye Kontakt fungua Options, kisha Memory, washa "Override instrument's preload size" (preload ni kile kipande cha mwanzo kinachokaa kwenye RAM) na ushushe namba. Maktaba zenye jumla ya sampuli 20,000 kwa kB 60 zinameza GB 1.2 za RAM. Kwa kB 12 zinameza MB 240. Mimi huanzia 18 na kushuka taratibu. NVMe ya ndani inavumilia 12 na hata 6. Ya nje kwa USB naiacha kati ya 12 na 24, kwa kuwa safari ya kupitia chipu ya kesi inaongeza ucheleweshaji kidogo.

Kuipima, pakia ala nzito kuliko zote ulizonazo, kanyaga pedali ya sustain, piga noti za haraka kutoka chini hadi juu, macho yako kwenye kipimo cha Disk juu ya dirisha na idadi ya sauti pembeni yake. Kipimo cha diski kikiruka na sauti ikakwaruza huku CPU imetulia, ongeza preload hatua moja. CPU ndiyo iliyopanda? Acha diski, ongeza bafa ya kadi ya sauti, yaani akiba ya sauti inayoandaliwa kabla ya kutoka. Watu hununua SSD mpya kutibu tatizo ambalo lingekwisha kwa kuhamisha bafa kutoka 64 kwenda 256.

Kwa mashine ya mezani chaguo langu ni NVMe ya ndani, na kama ubao mama hauna nafasi ya M.2 (tundu la kuchomeka NVMe), SATA ya inchi 2.5 bila kinyongo. Kabla ya kununua soma mwongozo wa ubao mama. Kuna nafasi za M.2 zinazokubali NVMe tu, nyingine SATA tu, na mbao nyingi huzima tundu moja au mawili ya SATA pale M.2 fulani inapojazwa, ndipo unaona diski ya zamani "imekufa" kumbe imezimwa. Je, diski ya sampuli itenganishwe na ya mfumo? Zama za HDD ilikuwa lazima. Kwa SSD si lazima, ila bado natenganisha: siku ya kusakinisha Windows upya, GB 800 za maktaba hazihusiki.

Kwenye laptopu mambo yanageuka. Hifadhi ya MacBook za Apple Silicon imechomelewa kwenye ubao wa mashine na huwezi kuongeza yako, kwa hiyo ya nje ndiyo njia yenyewe. Hapa tulia, maana mengi hukosewa.

USB ya Gb 5 (gigabiti kwa sekunde, si gigabaiti) inakupa MB 400 na ushee kwa sekunde, ya Gb 10 karibu MB 1,000, na zote mbili zinatosha. Usilipie kesi ya Gb 20 (USB 3.2 Gen 2x2) kama unatumia Mac ya USB4 au Thunderbolt 3 na 4, mara nyingi itashuka hadi Gb 10. Thunderbolt, muunganisho wa kasi zaidi wa tundu lile lile la USB-C, ni nzuri, ila kwa kazi ya sampuli pekee naiona anasa.

Kebo ndiyo mchawi mkuu. Kebo nyingi za USB-C zinazokuja na simu zina nyaya za USB 2.0 tu: zinachaji vizuri, zinaingia bila kulalamika, kisha zinakupa MB 40 kwa sekunde. Kwenye Mac fungua System Information, sehemu ya USB, ubofye diski yako. Ukisoma Mb 480 kwa sekunde, tupa kebo hiyo kwenye droo ya chaja. Tumia kebo iliyokuja na diski, fupi, na uichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta. Habu isiyo na umeme wake inagawa umeme wa tundu moja kwa wote. Ukiweka SSD na kadi ya sauti pamoja hapo, diski ikivuta umeme ghafla inaweza kujikata, na DAW (programu yako ya kutengenezea muziki) itaganda ikisubiri sampuli ambazo hazipo. Kadi ya sauti ipe tundu lake.

Ukiunda ya kwako kwa NVMe na kesi, chukua NVMe yenye DRAM yake, yaani kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya diski. Zile zisizo na DRAM hukopa RAM ya kompyuta kupitia mbinu iitwayo HMB, na HMB haipiti kwenye USB. Kwenye ubao mama hutaona tofauti. Ndani ya kesi, usomaji wa vipande vidogo vilivyotawanyika hudhoofika diski ikijaa. QLC, aina ya chipu ya bei nafuu inayochakaa mapema kwa kuandikwa, siiogopi hapa: unaandika mara moja na kusoma maelfu ya mara, na kusoma hakuichoshi. Utateseka tu siku ya kunakili, kashe ikijaa na kasi ikaporomoka.

Fomati: NTFS kwa Windows, APFS kwa Mac. exFAT itumie pale tu diski inapozunguka kati ya hizo mbili. Haina jono (journal, kumbukumbu ya mabadiliko inayosaidia kurekebisha hitilafu), hivyo ukichomoa ghafla unaweza kupoteza orodha ya faili. Pia Windows ikiifomati kubwa kuliko GB 32 inatumia vizio vya kB 128: kila sampuli ya kiki (mdundo wa ngoma ya besi) ya kB 20 inakalia kB 128. Mwenye folda ya ngoma zenye vipande 50,000 atashangaa GB zimeenda wapi.

Mambo madogo yanayobaki. Kwenye Windows ipe diski herufi ya kudumu, tuseme S, kupitia Disk Management. Herufi ikibadilika maktaba zote zitaonekana zimepotea. Kwenye Mac usiwe na diski mbili za jina moja. Ukihamisha maktaba, zielekeze upya kwenye Native Access (programu ya kusimamia maktaba za Kontakt), kisha ndani ya Kontakt fanya "Batch Resave" kwenye folda husika, la sivyo kila projekti itaanza kwa kutafuta faili. Iondoe diski kwenye ukaguzi wa antivairasi na wa Spotlight (utafutaji wa Mac), na zima usingizi wa diski na wa USB. Acha nafasi wazi asilimia 15 hivi, na kumbuka maktaba nyingi hushuka zimebanwa, hivyo wakati wa kusakinisha zinaweza kudai karibu nafasi mara mbili.

HDD ya zamani usiitupe. Maktaba za kununua utazipakua tena, lakini sampuli ulizorekodi mwenyewe hazina pa kupakuliwa. Ziweke nakala humo, na ichomekwe siku za kunakili tu.