Trekta kuukuu kwa shamba dogo: ipi ununue, na uikague vipi

Mwenye ekari kumi hadi thelathini hana haja ya kujifunga mkopo wa trekta mpya. Trekta ya miaka ya 1970 au 1980, ikiwa nzima, italima, itavuta tela, itapukuchua mahindi, na fundi wa mtaani ataifungua bila kompyuta. Nimezipanga hapa tano kwa vigezo viwili: spea zake zinapatikana kwa urahisi gani, na inavuta nini kwenye udongo upi. Rangi mpya na maneno ya dalali sivihesabu.

Kabla ya jina, angalia udongo wako. Plau ya diski tatu ndiyo imezoeleka kwetu, na kwenye udongo mzito inataka trekta ya nguvu za farasi 65 hadi 80. Trekta ya farasi 47 itaikokota kwenye kichanga kilicholowa, lakini kwenye mfinyanzi mweusi, au udongo wa Kongwa, Dodoma, ukishakauka, magurudumu yatasota na klachi itaungua. Udongo huo wa Kongwa ulichangia kuuangusha mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947, pamoja na trekta zao za mabaki ya vita na shida ya spea. Kwa farasi 47 funga diski mbili, ukubali nusu ekari kwa saa. Kwa farasi 75 na diski tatu utakaribia ekari moja kwa saa, na hiyo ndiyo hesabu ya anayetaka pia kulimia majirani kwa pesa.

1. Massey Ferguson 240, na kaka yake 135

Kwa anayelima shamba lake mwenyewe, naiweka juu bila kusita. 135 ilitengenezwa Coventry, Uingereza, tangu katikati ya miaka ya 1960 hadi 1975. 240 ilikuja baadaye ikiwa na injini ile ile ya Perkins, silinda tatu, lita 2.5. Kiwanda cha Millat cha Lahore, Pakistan, kiliendelea kuitoa 240 miaka mingi baada ya Waingereza, ndiyo maana pistoni, ringi, slivu (bomba la kuchomekwa ambamo pistoni inatembea) na gasketi bado vinauzwa vipya, na ovahoo ya injini hii ni kazi ambayo mafundi wengi wameshaifanya. IMT 539 ya Yugoslavia nayo ilitokana na leseni ya Massey, na spea nyingi zinaingiliana. Ukiikuta nzima usiikimbie.

Ina magonjwa yake. Sili ya nyuma ya injini huvuja, ukaona oili inadondoka chini ya klachi. Sili yenyewe ni kitu kidogo, ila kuifikia lazima trekta itenganishwe katikati, kwa hiyo badilisha na klachi siku hiyo hiyo. Pia uliza kama 135 unayoiangalia ina Multi-Power, ule mfumo wa kubadili kasi kwa swichi ya kwenye dashibodi. Ikiwa kwenye kasi ya chini, injini haizuii magurudumu mteremkoni. Trekta inakimbia huru. Mtu wa Lushoto au Mbulu mwenye tela lililojaa viazi lazima alijue hili: weka kasi ya juu kabla hujaanza kushuka, au tafuta isiyo na mfumo huo.

2. Massey Ferguson 290

Hii ni ya mwenye udongo mgumu au anayelimia watu. Perkins ya silinda nne, lita 4.1, farasi karibu 80, na diski tatu inazivuta bila kuhema. Injini ya aina hiyo hiyo imo kwenye Massey 385, kwa hiyo spea si tatizo. Haipo ya kwanza kwa sababu moja: kwa ekari kumi inakula dizeli na tairi kuliko faida yake. Kama 240 ni ndogo na 290 ni kubwa kwako, Massey 165 iko katikati.

3. Ford 5000 na 6600

Trekta za kiwanda cha Basildon, Uingereza, zenye chuma kizito na haidroliki (mfumo wa oili wa kunyanyua plau) yenye nguvu. Ningezipandisha, ila bloku yake haina slivu kutoka kiwandani. Zikiendeshwa miaka kwa maji matupu bila dawa ya kuzuia kutu, ukuta wa silinda hutoboka vitundu kutoka upande wa maji, na maji yanaingia kwenye oili. Karakana yenye mashine ya kuchonga inaweza kuweka slivu, lakini si kila wilaya inayo karakana hiyo. Chomoa stiki ya oili: ukiona rangi ya chai ya maziwa, aga uondoke.

4. Fiat 640

Farasi 64, imara, na ilitengenezwa Pakistan pia. Nunua ikiwa mjini kwenu kuna fundi anayeijua.

5. Kubota ndogo za Kijapani

Kwa majaruba ya mpunga na bustani ya mboga, pamoja na rotaveta yake (mashine ya visu vinavyozunguka kuvuruga udongo), ni nzuri sana. Kwa plau ya diski kwenye shamba la mahindi, hapana.

Zimebaki Valmet zilizounganishwa Kibaha miaka ya 1980, David Brown na International za zamani. Zilikuwa trekta za heshima. Leo ukinunua moja, nunua na nyingine mbovu ya kukatia spea.

Siku ya kukagua

Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika, kisha ukifika shika bloku kwa mkono. Ikiwa ya moto, kuna kitu kinafichwa. Injini baridi ndiyo inayosema kweli: moshi wa bluu usioisha ni ringi, moshi mweupe usiokatika ni nozeli au kompresheni. Fungua kifuniko cha kujazia oili ikiwa inanguruma. Upepo ukitoka kwa kishindo kama wa pampu ya baiskeli, pistoni zimechoka.

Lakini injini isikumalizie muda. Kwenye hizi Massey, ghali ni nyuma. Funga plau, inyanyue, uiache juu injini ikiwa inanguruma na trekta imepata moto. Ikikaa kimya, sawa. Ikishuka kidogo na kujirudisha kila baada ya sekunde chache, haidroliki inavuja ndani. Kisha legeza kidogo nati ya kutolea oili ya giaboksi. Maji yakitangulia, au oili ikitoka nyeupe, mvua imekuwa ikiingia kupitia mpira uliochanika wa gialiva, na beringi zimeshaanza kuliwa. Tikisa magurudumu ya mbele ujue hali ya bushi na kingpini. Mwisho tairi za nyuma: jozi mpya inaweza kubadilisha bei nzima, kwa hiyo uliza bei dukani kabla ya kupatana.

Linganisha namba ya chesisi na ile ya kwenye kadi, herufi kwa herufi, na malipo ya mwisho yatolewe baada ya uhamisho wa umiliki TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania), si kabla.

Angalia pia kifuniko cha shafti ya PTO, ile ya nyuma ya trekta inayozungusha mashine. Trekta nyingi kuukuu zinauzwa bila hicho. Shafti hiyo inazunguka mara 540 kwa dakika, na wakati wa kupukuchua mahindi akina mama wanakuwa hatua moja tu kutoka hapo wakiwa wamejifunga kanga. Ncha ya kanga ikinaswa hakuna anayewahi kuzima injini. Kama hakipo, kinunuliwe na kifungwe kabla trekta haijaguswa na mashine yoyote ya kupukuchua.