Akata Witch: nimeisoma mara mbili, na fumbo liko kwa nyanya

Ukiichukua Akata Witch, riwaya ya vijana ya Nnedi Okorafor, kwa hamu ya kumsaka muuaji, utaifunga ukiwa na malalamiko. Nilipoirudia mara ya pili ndipo nilipoona fumbo lenyewe limefichwa wapi. Muuaji tunatajiwa jina mapema: ni Black Hat Otokoto, anayeteka watoto kusini-mashariki mwa Nigeria. Hapo hakuna la kukisia. La kukisia ni kwa nini mama yake Sunny, msichana ambaye ndiye mhusika mkuu, hukwepa kila swali linalomhusu mama yake mzazi, yaani nyanya yake Sunny.

Msomaji wa Kisumu ana bahati hapa. Aliyekua akisikia habari za jajuok, mkimbiaji wa usiku katika imani za Waluo, anajua watu husema jambo hilo hufuata ukoo, na kwamba nyumba yenye siri hiyo hunyamaza. Kwa hiyo mama anapobadilisha mazungumzo, shtuka. Weka alama ya penseli kila nyanya anapotajwa, hata kwa nusu sentensi. Kuna barua itakayofunguliwa kuelekea mwisho, na uzito wake utaupata tu kama umezikusanya zile kimya zote zilizotangulia.

Kwa ufupi: Sunny Nwazue ana miaka 12, alizaliwa New York na wazazi Waigbo, sasa anaishi Aba. Ana ualbino. Anapenda kandanda, lakini lazima angoje jua lizame ndipo acheze. Orlu, Chichi na Sasha, huyu wa mwisho akiwa Mmarekani mweusi aliyeletwa kutoka Chicago, wanamwingiza katika jamii ya Watu wa Chui, wenye uchawi. Wasio nao huitwa Kondoo. Wanne hawa ndio wanaotwikwa kazi ya kumkabili Otokoto.

Uchawi ndio uliofanya niipende riwaya hii, kwa sababu una kanuni na una gharama. Tazama pesa yao. Inaitwa chittim, vipande vya madini vilivyopinda, na haitafutwi sokoni. Ukijifunza jambo kwelikweli, zinadondoka kutoka hewani na kutua miguuni pako kwa kishindo, hapo hapo, mbele ya wenzako. Zenye thamani kubwa ni zile kubwa za shaba. Za dhahabu ndizo zenye thamani ndogo kabisa. Mwandishi halielezi wazo hilo kwa hotuba. Unaliona tu: mtoto amekosea, amerudia, amepatia, na chuma kinalia sakafuni. Sijakutana na njia nzuri kuliko hii ya kumwonyesha kijana thamani ya elimu bila kumhubiria.

Kuna pia uso wa roho, sura yako ya pili, na kumwonyesha mtu uso huo ni kama kuvua nguo mbele yake. Ili ufike Leopard Knocks, makao na soko la Watu wa Chui, unavuka mto mkali juu ya daraja jembamba la mti lisilo na pa kushika, na huvuki bila kuutoa uso huo. Soma ukurasa huo polepole. Aibu na woga wa maji vimesukwa pamoja mpaka huwezi kuvitenganisha.

Tena jina la Watu wa Chui halikuokotwa barabarani. Ekpe, chama cha siri cha eneo la mto Cross, jina lake lina maana ya chui, na Nsibidi inayosomwa ndani ya kitabu ni maandishi ya kweli ya watu wa sehemu hizo. Roho za vinyago nazo hupitia kwenye vichuguu. Kwa aliyezoea kuvizia kumbekumbe kichuguuni mvua ikianza, picha hiyo haihitaji kufafanuliwa, na itamsisimua mwili. Mwamba wa Zuma, karibu na Abuja, wanakokwenda kwenye tamasha, ufikirie kama mtu anavyoisimulia Kit Mikayi, ile miamba ya karibu na Kisumu: jiwe ambalo watu wamelipa hadithi.

Miongoni mwa Watu wa Chui, kile ambacho shule huita kasoro ndicho kipawa. Orlu hupata shida kusoma, herufi zinamchezea, lakini mikono yake inaweza kufungua juju mbaya kabla hajafikiri. Ualbino wa Sunny nao unamfungulia mlango wa ulimwengu wa pili. Hapa ndipo nina lawama kubwa. Baada ya kuingizwa katika jamii hiyo, jua halimchomi tena. Ninaelewa furaha ya kumwona akicheza mpira mchana, lakini mtoto mwenye ualbino anayesoma kitabu hiki bado anahitaji kofia pana na losheni kesho asubuhi. Ningependa Sunny ashinde akiwa bado na mwili wake ule ule.

Kasoro ya pili ni mwendo. Masomo, safari na tamasha vinachukua sehemu kubwa ya kurasa karibu 350, kisha pambano lenyewe linakuja na kupita haraka. Na hoja ya wazee wenye nguvu kuwatuma watoto wanne mbele ya muuaji haikuniridhisha, hata wanapoieleza.

Mapenzi ni machache, afadhali ujue mapema. Sunny na Orlu wana mkono ulioshikwa na haya nyingi. Chichi na Sasha ndio wenye moto, hasa wa kugombana. Kwa msichana wa miaka 17 anayetaka mahaba, hiki kitamwacha na njaa. Kwa wa miaka 12 au 13 kipimo kinatosha. Mzazi azingatie zaidi kwamba watoto wanatekwa, wengine wanauawa, na katika tamasha kuna pambano la mieleka linaloishia kwa kifo.

Kuhusu kununua: kitabu hiki kilitoka Marekani mwaka 2011, na mwaka 2013 wachapishaji Cassava Republic wakakitoa Nigeria kwa jina jingine, What Sunny Saw in the Flames. Ni hadithi ile ile, usinunue vyote viwili. Ukikipata kwenye vitabu vya mitumba vilivyotandazwa kando ya barabara mjini, kifungue katikati kwanza. Nakala za kurudufu gundi yake hukatika hapo, na wino hufifia upande mmoja wa ukurasa. Kisha angalia kurasa za mwanzo kabisa zipo. Bila ile sehemu ambapo Sunny anaona mwisho wa dunia ndani ya mwali wa mshumaa, huelewi kwa nini anaogopa anachokiogopa. Hakikisha pia dondoo za kitabu cha mwongozo zilizo kati ya sura hazijanyofolewa. Wengi huziruka, kisha wanalalamika kwamba kanuni za uchawi hazikuelezwa, kumbe zimeelezwa mle mle.

Kurasa 25 kwa jioni zinakimaliza kwa wiki mbili. Kwa klabu ya kusoma, wiki tano za kurasa 70 zinafaa, na kikao cha kwanza kitengeni kwa majina na maneno ya Kiigbo, muyaandike kwenye karatasi moja inayokaa ndani ya jalada. Anayeachia kitabu njiani mara nyingi huachia hapo, majina yanapomiminika kwa pamoja.

Vinavyofuata ni Akata Warrior, 2017, na Akata Woman, 2022. Usianzie hapo: barua ya nyanya utakuwa umeikosa.